Jini wa Kwenye Buti la Babu

Utotoni mwangu kule Kibra, hakuna aliyevaa kiatu nyumbani kwetu bila kukipindua na kukikung'uta kwanza. Bibi alitufundisha kwamba jini hulala ndani ya kiatu usiku, na ukimvalia juu anautafuna mguu polepole, mwenyewe husikii maumivu. Sisi wajukuu tulikung'uta kwa bidii. Wengi wetu viatu hatukuwa navyo, kwa hiyo tulikung'uta vya wakubwa.

Babu peke yake ndiye aliyekataa. Alikuwa Mnubi aliyestaafu uaskari wa keya, jeshi la Mwingereza enzi za ukoloni, na alisema jini atakayethubutu kuingia kwenye buti lake atakiona cha moto. Isitoshe, alijigamba kwamba moto wenyewe haumwezi. Baridi ya Julai ilipotukaba, aliweka nyayo karibu kabisa na jiko la makaa, akacheka, wala hakuziondoa. Majirani walisema ana kinga aliyofanyiwa vitani. Nilitamba na habari hiyo kwa watoto wenzangu wote. Bibi hakutamba.

"Mguu usiosikia moto una mambo," alinung'unika.

Siku moja Babu alivaa buti zake, akaenda Riruta kwa miguu kwenye karamu ya rafiki yake. Jioni alirudi akiimba, amejaa furaha na nyama. Nikamvua buti kama kawaida yangu, na soksi ikatoka imelowa damu. Msumari ulikuwa umechomoza kwenye soli, naye alikuwa ameukanyaga njia nzima, kwenda na kurudi. Nilipiga yowe.

"We mtoto, kwani kuna nini?" akauliza. Hakuwa amesikia kitu!

Bibi alikuja mbio. "Si nilisema? Si nilisema?" Nadhani, Mungu amsamehe, kwa nukta moja alifurahi. Halafu akaangua kilio.

Hospitalini daktari alimpima mkojo, akasema ni ugonjwa wa sukari. Ulikuwa umeua hisia za nyayo, na kidonda kisipotunzwa, mguu utakatwa. Babu alichukua dawa, akarudi nyumbani amenuna. Hakutaka mtu amguse. "Mimi askari. Siuguzwi kama mtoto mchanga." Niliogopa sana. Nilimwona tayari na mguu mmoja.

Bibi hakubishana naye. Alikaa mkekani mbele yake.

"Sawa, mzee. Mgonjwa hapa hakuna. Lakini adui ameingia kambini. Askari anafanyaje?"

Babu akakuna sharubu. "Anakagua kila pembe."

"Basi leta miguu."

Tangu hapo kila jioni ilikuwa paredi. Bibi alijaribu maji kwa kiwiko yasiwe ya moto, akaosha, akakausha katikati ya vidole kwa pindo la gurbaba yake, ile nguo ya kujifunga ya wanawake wa Kinubi, akapaka nyayo na visigino mafuta. Kidonda alikifunga kwa kitambaa safi. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na macho makali, nilitafuta malengelenge, nyufa na wekundu.

"Kushoto?" Babu alinguruma.

"Salama, effendi!"

Alipumzisha mguu kwa amri ya Bibi, na jiko likapigwa marufuku karibu yake. Kidonda kikafunga, taratibu, mpaka likabaki kovu. Siku aliyovaa buti tena, lililotengenezwa soli, Babu alilikung'uta kwa kishindo kuliko sisi sote, akaingiza mkono mpaka kwenye ncha na kufoka, "Toka, mshenzi!" Tulicheka hadi mbavu zikatuuma.

Leo najua habari za sukari na mishipa ya fahamu, na siamini tena kwamba jini hulala kwenye viatu. Lakini Bibi simcheki. Babu asingekubali kuuguzwa na mkewe hata kidogo. Kupigana vita alikubali mara moja, na kwa vita hivyo Bibi akapata ruhusa ya kumshika miguu kila jioni mpaka uzeeni. Sikuwahi kuwaona wakishikana mikono. Ile miguu ndiyo ilikuwa mapenzi yao, na najiona mwenye bahati kwamba niliyatazama kwa karibu.

Babu alifariki miaka mingi baadaye, kwa homa. Wanaume waliomwosha walipotoka nje, Bibi aliwauliza jambo moja tu.

"Na miguu?"

"Mizima, mama. Yote miwili."

"Alhamdulillahi," akasema, na akatabasamu mbele ya waombolezaji wote.