Barua ya Baba Iliyolala Kwenye Laptopu

Shemeji zangu wa Onduparaka, kule Arua, wakinipigia simu, hata kabla ya salamu wananiuliza, "Leo umezima ama umelala tu?" na mimi nacheka nao, nitafanya nini, aibu yenyewe niliitafuta kwa mikono yangu, siku ya kutambulishwa kwangu kwa wakwe, mbele ya ukoo mzima, kiatu kimoja mguuni.

Baba yangu ni mwanajeshi mstaafu, anakaa Koboko, na maneno yake ni machache (kunisifu mimi, sikumbuki hata mara moja). Lakini wiki mbili kabla ya wakwe kuja kutoka Arua, alianza kuandika barua ya kuwasomea, kwenye laptopu yangu kuukuu yenye mfumo wa Linux, kwa kidole kimoja, na ukipita nyuma yake anafunika kioo kwa kofia. Umeme wetu ni wa sola, unaondoka unavyotaka, kwa hiyo mimi mwenyewe nilikuwa nimemfundisha: "Baba, ukichoka bonyeza hapa, italala na kila kitu chako, kesho utakikuta palepale." Kuhifadhi sikumfundisha. Nilisahau, jamani.

Asubuhi ya sherehe nikataka video ya mahafali yangu ionekane kwenye televisheni kubwa tuliyoazima, na ile Linux ya zamani, tangu zamani, video inazikatakata. Kichwa changu kikaniambia, weka Linux ya pili pembeni ya ile ya kwanza, nafasi kwenye diski ipo, wewe si ndiye fundi wa ukoo? Laptopu niliikuta giza, nikadhani imezimwa. Nikachomeka flashi, nikabonyeza endelea, endelea, endelea (shangazi huku ananivuta nywele kwa kitana), ikaja menyu ya kuwashia yenye majina mawili, la zamani na jipya, nikafungua jipya, video ikacheza safi, nikapiga vigelegele peke yangu. La zamani sikulijaribu.

Wakwe wakaketi chini ya turubai. Mimi nikafichwa chumbani, maana bibi harusi haonekani mpaka aitwe. Nikamsikia Baba, "Sasa nitasoma maneno yangu," kisha wageni wakaanza kunong'ona. Nikachungulia dirishani: Baba amefungua lile jina la zamani alilozoea, na kwenye televisheni, mbele ya watu wote, maandishi meupe juu ya weusi, laptopu inahesabu sekunde ikingojea swap yake ambayo haipo tena.

(Swap ni kile kipande cha diski ambako kompyuta ikilala inaweka yote iliyokuwa inakumbuka. Linux mpya ilipoingia ilikikuta, ikakifuta, ikakifanya chake. Na barua ya Baba ilikuwa humo, haikuwa mahali pengine popote duniani.)

Nikatoka mbio. Sijaitwa, gauni langu la gomesi halijafungwa mshipi, kiatu kimoja, shangazi nyuma yangu anapiga kelele, "Rudi! Wewe mutu gani?" Wakwe wakashika midomo. Nikapiga magoti mbele ya laptopu, nikajaribu hiki na kile, mwishowe kioo kikafunguka, kitupu.

"Keji," Baba akaniuliza polepole, "barua iko wapi?"

Ningeweza kusingizia umeme. Haki ya Mungu, neno lilikuwa mdomoni.

"Baba, nimeifuta mimi. Uliilaza, nikadhani umezima. Hairudi tena." Na machozi yakanitoka, pamoja na wanja wote.

Baba akavaa kofia yake, akasimama wima kama yuko gwaride, akawageukia wakwe.

"Munaona? Barua ilikuwa murefu, lakini maneno yake ni hii tu. Mutoto yangu iko na haraka, anaharibu vitu. Lakini akiharibu, anakuja yeye mwenyewe kusema, hata kama watu iko wengi. Mimi nilikaa jeshini miaka mingi, mutu ya namna hii iko kidogo. Mumutunze."

Akaketi. Mama mkwe ndiye aliyeinuka, akaja kunifunga mshipi wa gomesi, taratibu, kama mtoto wake.

Baadaye nilimwomba Baba aandike tena. Akasema, "Nilishasema." Nikamuuliza, kweli ilikuwa hayo tu, wiki mbili nzima? Akashusha kofia machoni. Mpaka leo sijui alikuwa ameandika nini juu yangu, na inaniuma. Ndiyo maana sasa, mtu akiniletea kompyuta nimwekee mfumo wa pili, kabla sijagusa chochote namuuliza, umeizima ama umeilaza? Akisema ameilaza, namrudishia, aende kwanza akaiamshe.