Jukwaa la Futi Moja

Wengi hudhani sakafu ya mbao iliyo chini haihitaji hesabu. Kauli hiyo niliisikia Sapiwi, msimu ule pamba ilipoachiwa wanunuzi binafsi, na mpaka leo ikirudiwa mbele yangu damu hunichemka.

Kabla ya hapo pamba yetu yote ilipitia ghala la ushirika, lenye sakafu ya zege. Wanunuzi wapya hawakuwa na maghala. Mmoja alikodi banda la bati, chini udongo mtupu, akanitaka nimtengenezee jukwaa la mbao ili pamba isishike unyevu: futi ishirini kwa kumi na mbili, juu ya nguzo za matofali, kimo futi moja.

Ufundi sikuusomea shuleni. Nilikuwa na kitabu cha ujenzi kisicho na jalada, nilichokisoma kwa kamusi, na nisichokiamini nilikijaribu kwa mikono. Nikapiga hesabu: boriti za inchi mbili kwa sita, zisimamishwe kwa upande mwembamba, zipishane futi moja na nusu.

Sikuwa nahofia uzito wa pamba. Nilihofia miguu. Kwetu pamba hushindiliwa: wanawake kumi hupanda juu ya lundo, hushikana mabega, mmoja huanzisha wimbo, na miguu yote hutua kwa pamoja mpaka lundo lipungue nusu.

Msimamizi wa mnunuzi, bwana wa mjini mwenye kalamu tatu mfukoni, alileta mbili kwa nne chache na kuagiza nizipange futi tatu tatu.

"Mbao za juu zitavunjika katikati," nikamwambia. "Hawa wanashindilia kwa kuruka."

"Fundi, jukwaa lina futi moja. Likivunjika, mtu ataanguka wapi? Si ameshafika chini?"

Watu wakacheka. Hata dada yangu mkubwa, aliyeongoza washindiliaji, alicheka. "Mzoee tu," akamwambia. "Huyu hata kitanda alikipima mara tatu kabla ya kuoa."

Nikaweka boriti mbili kwa nafasi ile ya futi tatu, nikalaza ubao juu yake, nikamwomba mwenye duka, mtu mnene, arukeruke katikati. Ubao ulibonyea kiasi cha vidole viwili, kisha ukanyooka.

"Si umerudi?" akasema msimamizi.

Nikajenga alivyotaka. Hilo nalibeba mwenyewe.

Siku ya tatu ya ununuzi, wimbo ukiwa umekolea, ubao mmoja ulikatika chini ya dada yangu, pembeni palipokuwa na pamba haba. Jukwaa lingekuwa juu, angepita na kudondoka bila kunaswa. Kwa kuwa lilikuwa chini, mguu uligota ardhini, ubao uliovunjika ukaubana, na safu ya wenzake waliomshika mabega ikausukuma mwili mbele. Mfupa ulivunjika chini ya goti.

"Walikuwa wanacheza," msimamizi akasema, kabla hata hatujampandisha kwenye gari. "Jukwaa si uwanja wa ngoma." Akanigeukia. "Wewe badilisha huo ubao mmoja, kazi iendelee."

Nilikataa. Ubao mpya ungekuwa na unene uleule na nafasi ileile.

Jioni nikamkuta dada wodini Bariadi, mguu umefungwa hogo la plasta.

"Ulisema zipishane futi ngapi?"

"Moja na nusu."

"Mimi futi sizijui. Nionyeshe."

Nikapima kwa rula juu ya mkono wake. Kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, inchi kumi na nane kasoro kidogo. Akautazama mkono, akamwita jirani yetu aliyekuja kumjulia hali, akamwonyesha.

Asubuhi iliyofuata wanawake walifika bandani kama kawaida. Waling'oa mbao mbili za juu. Jirani yule akapiga magoti na kulaza mkono wake kutoka boriti moja kuelekea ya pili. Haukufika hata nusu ya safari. Wakatoka nje, wakakaa. Pamba iliendelea kuletwa kwa mikokoteni ya ng'ombe mpaka ikaziba mlango.

"Nani kawafundisha mambo haya?" msimamizi akauliza.

"Mayu yuko hospitali," jirani akamjibu, akimwita dada yangu mama kwa Kisukuma. "Nenda kamuulize."

Hakwenda. Baada ya siku mbili lori lilishusha mbili kwa sita. Alisimama akikagua kila boriti kama imenyooka, akaniuliza nitamaliza lini, na hali ya mgonjwa hakuiuliza.