Kiapo Kilichomsubiri Oliva

Kaka yangu Onesphory alikuwa na kichwa kigumu kuliko jembe lake, na sitamsema kwa upole kwa sababu nilimpenda. Hapa Masieda alijulikana kwa maharage mazuri na kwa binti yake Oliva. Siku Oliva alipopata nafasi ya kusomea sheria Dar es Salaam, watu wakaanza kumwita kaka Baba Hakimu. Tuliamini mwanasheria ni mtu aliyefundishwa kugeuza uongo uwe kweli.

Mwaka huohuo kaka aling'oa masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, akayapanda ndani ya shamba la mjane Helena. Mbele ya wazee alishika udongo akaapa kwamba mpaka haujaguswa. Helena hakubisha. Alisema tu, "Basi udongo na usikie," akaenda zake.

Ng'ombe wa kaka walipolishwa kwenye ule ukanda alioumega, wakaacha kulia. Walikula, walizaa, lakini zizi zima kimya, ndama akimtafuta mama yake kwa kunusa. Kisha mbwa naye. Unamwona anafungua mdomo, sauti hakuna. Niliogopa kupita pale hata mchana. Halafu kaka mwenyewe akaanza kukaukiwa sauti.

Nikamwambia, "Nenda kwa Helena. Kwetu aliyekosewa ndiye anayefungua kiapo. Mrudishie shamba lake, akutemee maji kifuani, yaishe."

"Nimwangukie Helena, na mwanangu anasoma sheria? Oliva atakuja kukifuta hicho kiapo."

Ningemzaba kibao. Mimi ndiye dada yake mkubwa, na asiyesikia la mkuu mnajua linalomvunjika. Akasubiri. Kumbe ukimaliza chuo kuna shule nyingine ya sheria, na baada yake bado hujaapishwa uwakili. Miaka ikaenda, sauti yake ikawa mnong'ono.

Oliva alikuja wakati wa ukungu, wakili kamili. "Shikamoo shangazi," akanisalimu, nikaitikia. Kaka akamvuta karibu, akamnong'oneza yote, akamalizia, "Kifute."

Oliva alilia. "Baba, nani alikudanganya? Sijafundishwa kufuta viapo. Hata mahakamani sijawahi kusimama, naandika mikataba ya watu ofisini. Sheria haina dawa ya hili. Mama Helena anayo, na ni maji ya kutema tu. Inuka, twende sasa hivi."

Kaka hakuinuka. Alinitazama mimi, ikabidi niseme mimi.

"Tumemzika juzi, mwanangu. Na hakuacha mtoto wa kufungua badala yake."

Kaka akafungua mdomo amwite binti yake. Niliona ulimi ukicheza na koo likipanda na kushuka, kama yule mbwa. Hakikutoka kitu. Ndipo ng'ombe wakalia huko zizini, wote kwa pamoja, kwa mara ya kwanza tangu kile kiapo.