Sauti Nzito ya Sehemu ya Tano

Yamesemwa mengi mtaani kuhusu albamu ya shemeji yangu, na waliosema zaidi hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo afadhali niandike mwenyewe kuliko kuwaachia wajukuu porojo za saluni.

Shemeji huyu ni mdogo wa marehemu mume wangu. Ni fundi wa makochi, na mtaa mzima humwita Sponji. Ukimpelekea kochi lililobonyea, halitoki karakanani mpaka alikalie mwenyewe, afumbe macho, anyamaze. Akisinzia, kazi imekwisha. Asiposinzia, hulifumua upya. Hajawahi kumdanganya mteja, na hilo nalisema kwa sababu jina lililoko kwenye kibao cha karakana ni la baba mkwe wangu. Nimelibeba tangu nilipoolewa bila kulitia doa.

Tatizo lilikuwa gitaa. Sponji anapenda roki ya progresivu, ile ambayo wimbo mmoja unamaliza upande mzima wa santuri, unabadilisha mwendo kila ukiuzoea, na ukidhani umekwisha, kumbe unavuta pumzi tu. Alitunga mmoja wa sehemu sita kuhusu kochi lililochoka kukaliwa. Linaota mabawa, linaruka hadi mwezini, linakuta hakuna wa kulikalia, linalia. Kwenye dramu alimweka mwalimu wa udereva. Kwenye kinanda alikaa mama mfamasia wa pale kona, mwanamke mwenye heshima zake. Walifanyia mazoezi katikati ya makochi, kwa hoja kwamba sponji humeza kelele. Sponji nyingine ilizitapika mtaani.

"Tano, sita, saba! Tano, sita, saba!" mwalimu wa udereva alikuwa akihesabu siku niliyopeleka mito.

"Hiyo saba inatoka wapi?" nikamuuliza.

"Ndiyo mapigo yenyewe, mama. Yanakwenda saba saba."

"Na mwenye miguu miwili afanyeje?"

"Shemeji," Sponji akadakia, "muziki huu si wa miguu."

Habari zikamfikia kaka yao mkubwa, ambaye watoto wangu humwita Baba Mkubwa. Ni karani mstaafu wa mahakama. Hata akikuomba chumvi, unahisi umehukumiwa. Alikuja akasimama chini ya kibao.

"Bwana mdogo, hili ni jina la baba yetu. Watu wananiuliza kama humu ndani kuna fundi au kuna mgonjwa."

"Njoo usikilize kwanza, kaka. Tunarekodi Jumamosi ukumbini, mbele ya watu."

"Nitakuja. Akipatikana mtu mmoja tu wa kukaa kitini tangu mwanzo mpaka mwisho, sitatia neno tena. Asipopatikana, kibao nakishusha kwa mikono yangu."

Kushusha kibao mchana kweupe! Si watu wangesema tumefilisika? Nikamwambia Sponji asihofu, mtu huyo nitakuwa mimi. Nilikuwa mkaguzi wa shule. Nimevumilia hotuba ambazo hata waliozitoa walizichoka.

Jumamosi ukumbi ulijaa, maana soda zilikuwa za bure. Sponji alimwekea kaka yake kochi jipya mbele kabisa, kwa heshima. Mimi nilikaa safu ya pili kwenye kiti cha mbao, mgongo wima. Mitambo ikawashwa, muziki ukaanza. Vijana walijaribu kucheza, lakini kila ikifika saba wanakanyagana, wakaacha.

Mwisho wa sehemu ya pili kulikuwa na kimya kirefu. Mshereheshaji, ambaye amezoea harusi, akadaka kipaza sauti.

"Makofi kwa wasanii wetu! Sasa tunaelekea kwenye chakula!"

Dramu zikalipuka, watu wakarudi vitini na aibu. Mwisho wa sehemu ya tatu, kimya tena. Akashukuru wageni wa mbali. Gitaa likamkata kauli. Sehemu ya nne ilipotulia hakuna aliyerudi tena, wote walikuwa nje na sahani, naye yule bwana anafunga shughuli wakati mitambo inarekodi! Nilimfuata nikampokonya kipaza sauti.

"Haijaisha!"

"Mama, mimi nafuata ratiba."

"Ifuate nje!"

Ndipo nilipogundua kwamba nimesimama. Nikatazama nyuma, viti vyote vitupu. Sponji naye aliona, akaondoa mkono kwenye nyuzi.

Lakini mbele, kwenye kochi jipya, Baba Mkubwa alikuwepo, mikono juu ya tumbo, macho yamefumbwa. Kutoka kwake ilitoka sauti nzito, ya taratibu, inayopanda na kushuka. Mama mfamasia akaitegea sikio, akaifuata kwa kinanda. Mwalimu wa udereva akaacha saba zake. Sponji akarudisha mkono kwenye nyuzi, na kwa sauti ile wote wakapanda mwezini, wakalia huko, wakamaliza.

Baba Mkubwa akashtuka. Akatazama kulia, kushoto, akaniona mimi.

"Umeonaje, kaka?" Sponji akauliza.

"Nilikuwa nasikiliza."

"Mpaka mwisho?"

"Kwani umeniona nikiinuka?"

Albamu ilitoka vivyo hivyo. Majirani wengi hawakufika sehemu ya pili. Gazeti liliandika kwamba haina kichwa wala miguu, ila sehemu ya tano ina besi ya kipekee. Mtangazaji wa redio alipiga simu kuuliza ni chombo gani kile. Kwa hiyo kwenye jalada nililazimika kuandika jina kamili la Baba Mkubwa, la ukoo likiwemo, na mbele yake: sauti nzito. Alivaa miwani, akalisoma, akaagiza liongezwe neno "mstaafu". Kisha akatoka nje na kitambaa chake, akafuta vumbi kwenye kibao.

Sponji mwenyewe hajali magazeti. Kila mteja anayeingia humwonyesha lile kochi na kumwambia kwamba hajawahi kushona lingine kama hilo.

Na wanaouliza waambiwe hivi: katika familia yetu hakuna anayekoroma mbele za watu. Ile ni besi.