Kalenda ya Pyo Geum-ran

Ofisi ya Pyo Geum-ran ipo ghorofa ya tatu, mtaa wa Chungmuro, mtaa wa watu wa filamu, juu ya kiwanda kidogo cha kuchapa kadi za harusi. Ukutani hakuna picha ya filamu hata moja, ingawa ametayarisha kumi na nne. Kuna kalenda ya karatasi, ya aina ile wanayogawa maduka ya dawa mwisho wa mwaka. Tarehe kubwa ni hizi za kila siku. Chini yake, kwa maandishi madogo kama sisimizi, zimepangwa tarehe za mwezi mwandamo walizohesabia wazee. Vijana wa ofisini, ambao kalenda yao iko kwenye simu, humcheka. Yeye huwaacha wacheke, maana kisa cha kalenda ile kina aibu yake ndani, na aibu nyingine mtu huzoea kuishi nayo mpaka akaipenda.

Mwaka 1991 alikuwa na miaka ishirini na mitano, binti wa mchungaji wa kanisa huko Incheon, na alifika Chungmuro akiamini kwamba mtayarishaji wa filamu ni mtu anayekaa karibu na kamera na kuchagua hadithi. Wakamkabidhi kwa Ma Chil-bok, mkuu wa kitengo cha utayarishaji, mtu mfupi mwenye shingo iliyozama mabegani. Wote walimwita Bosi Ma, japo hakuwahi kuwa na ofisi yenye mlango.

"Unajua kuandika?" alimuuliza siku ya kwanza.

"Najua, Bosi. Nimesoma fasihi chuo kikuu."

"Vizuri. Basi andika nani hali pilipili."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake. Miezi sita hakugusa mswada. Alijifunza kwamba fundi taa Guk akila samaki wa mafuta anavimba macho, na kwamba mpiga picha asipopata supu ya moto asubuhi, hakuna atakachokisifu mpaka jioni. Alijifunza kuhesabu viatu mlangoni badala ya kuhesabu watu, kwa sababu watu hawatulii. Kabla ya kupiga picha mtaa wowote alibeba vikapu vya matunda, akabisha nyumba baada ya nyumba akiomba radhi kwa kelele ambazo bado hazijapigwa. "Waombe leo," Bosi Ma alimwambia, "kesho utakuwa huna muda." Na kazi ikiisha, wengine wakishapanda basi, wao wawili walibaki wakifagia uwanja wa watu. Geum-ran amefagia nyua nusu ya nchi ile.

Wakati ule alinung'unika kila siku. Leo akipita mahali akasikia harufu ya dizeli ya jenereta imechanganyika na chai ya shayiri, husimama hapohapo. Angetoa kingi arudi kusimama katika ua mmoja tu kati ya zile, ufagio mkononi, na Bosi Ma akimwambia kona ile ameiruka.

Kiangazi cha mwaka ule alipewa kazi ya kwanza ya peke yake: kuipata nyumba ya Bibi Dosan. Mama huyu aliitwa hivyo na kijiji kizima kwa jina la kijiji alikozaliwa, na nyumba yake ilikuwa na paa la vigae, baraza la mbao lililong'aa kwa kukaliwa, na mti wa gam ambao vuli huiva matunda ya rangi ya chungwa. Mwongozaji aliutaka mti ule au basi. Bibi alikataa mara tatu. Mara ya nne Geum-ran hakuomba kitu. Alipanda juu ya paa akamsaidia kuanika pilipili mpaka jua likambabua pua.

"Haya, mje," Bibi Dosan alisema. "Siku yoyote mtakayo. Ila tarehe kumi na tano mwezi wa tisa msinisogelee. Ni siku ya kumkumbuka marehemu mume wangu, nyumba itajaa."

Geum-ran aliandika, akapiga mistari miwili chini yake. Akapanga wapige picha tarehe ishirini na mbili mwezi wa kumi, zaidi ya mwezi mzima baadaye, gam zikiwa zimeiva. Alijiona hodari kweli. Siku hiyo haikuwa na ya akiba: kesho yake mwigizaji mkuu alikuwa ananyolewa upara kwenda kuigiza mtawa katika filamu nyingine. Mwenye kampuni alisema mbele ya wote, "Siku hii ikipotea, aliyeipoteza asionekane tena Chungmuro."

Walifika saa mbili asubuhi, watu arobaini, basi moja na malori mawili. Ua ulikuwa umejaa moshi. Wanawake sita walichuchumaa wakikaanga vipande vya samaki na maboga, watoto wanakimbizana, na barazani pametandazwa mikeka. Bibi Dosan alisimama juu akiwatazama wanavyoshusha taa.

"We binti," alisema, "nilikwambia msije siku gani?"

"Tarehe kumi na tano mwezi wa tisa, Bibi. Leo ni ishirini na mbili mwezi wa kumi."

"Kwa kalenda ya nani? Ya posta?"

Wanawake wa kikaangoni walicheka mpaka mmoja akaangusha kipande motoni. Ndipo Geum-ran alipoelewa: kwa hesabu ya mwezi mwandamo, leo ndiyo ilikuwa tarehe kumi na tano mwezi wa tisa. Kwao Incheon, nyumba ya mchungaji, wafu walikumbukwa kwa sala. Hakuna aliyepika, wala aliyehesabu mwezi mwandamo. Mtoto mwingine yeyote wa nchi ile angeuliza kabla ya kuandika. Yeye aliandika.

Mwenye kampuni alikuwa ameshashuka garini. "Nani aliandika tarehe?"

Geum-ran alifungua kinywa. Buti la Bosi Ma likamkanyaga mguu, kwa uzito wote.

"Mimi," alisema Bosi Ma.

Kisha akavua lile buti, akapanda barazani, akainama mbele ya Bibi mpaka paji la uso likagusa mbao. Geum-ran alingoja aanze kubembeleza kuhusu filamu. Hakuitaja kabisa.

"Bibi, bam zimeshamenywa?"

Bam ni kokwa ngumu za maganda ya kahawia. Kwa karamu ya marehemu humenywa mbichi, zikachongwa pande pande na kupangwa kama mnara, na katika nyumba zile hiyo ni kazi ya wanaume.

"Amenye nani?" Bibi alisema. "Mwanangu anakuja na treni ya jioni, kama kawaida yake, akishasikia harufu ya chakula."

Bosi Ma alitoa kisu kidogo mfukoni. "Guk! Waite wenzako. Nawa mikono."

Mafundi taa wakakaa mikekani, na wabeba vyuma, na mwongozaji mwenyewe. Mwigizaji mkuu alijikata kidole mara mbili. Bibi Dosan alipita akikagua kama mwalimu. "Hii umeimenya au umeitafuna?" alimuuliza Guk, akaitupa kwa kuku. Lakini ilipofika saa sita mnara ulikuwa umesimama, na kikaango nacho kimemaliza kazi.

"Pigeni picha zenu mpaka jua lifike ukutani pale," alisema Bibi. "Na asiondoke mtu kabla hajamsujudia mzee. Maisha yake yote alikuwa na marafiki watatu, na hawakuelewana. Leo acha aone watu."

Jioni wakapanga safu, watu arobaini wa filamu, wakainama mbele ya picha ya mzee wasiyemjua. Geum-ran alisimama kando, binti wa mchungaji, hajui afanye nini na mwili wake. "Wewe hesabu viatu," Bosi Ma alimnong'oneza.

Kati ya picha walizozitaka zilikosekana mbili. Mwenye kampuni hakusahau neno lake. Filamu ilipokwisha, simu ya Bosi Ma haikulia tena. Geum-ran alitaka kwenda kusema ukweli, naye akamzuia ngazini.

"Ukisema tutafukuzwa wawili. Halafu nani atakumbuka Guk na samaki wake?"

Bosi Ma alifungua duka la tambi mjini Suwon. Geum-ran akapanda cheo, polepole, mpaka jina lake likatangulia kwenye orodha. Kila filamu alimpelekea tiketi; alikuja, akatazama mpaka jina la mwisho, na akitoka alisema tu, "Wale watu wako walikula vizuri, inaonekana." Miaka ishirini Geum-ran hakuwahi kumwomba radhi sawasawa. Kila alipoanza, mzee alimwongezea tambi. Ilimuuma, na bado inamuuma, maana sasa Bosi Ma hayupo.

Lakini amebakiwa na kitu kimoja cha mwaka 2011, vuli, alipopigiwa simu na mpwa wa Bosi Ma.

"Dada, mjomba anatimiza miaka sabini. Anataka uje ule naye. Ni tarehe tatu, mwezi wa kumi."

Geum-ran alikuwa ameshika kalamu. Aliitazama kalenda ukutani, tarehe kubwa, na zile ndogo chini yake.

"Kwa kalenda ipi?" aliuliza.

Upande wa pili akasikia vyombo vikigongana jikoni, na kwa mbali sauti ya mzee aliyezoea kuishinda kelele ya jenereta.

"Ameuliza?"

"Ameuliza, mjomba," alisema mpwa.

"Basi mwambie ya mwezi mwandamo. Na aje mapema, kuna bam za kumenya."

Geum-ran alilia palepale mezani, mbele ya vijana wake, bila kuficha uso. Halafu akasimama, akaitafuta ile tarehe katika yale maandishi madogo, akapiga mistari miwili chini yake.