Mtani Aliyevaa Viatu vya Baba

Mwalimu wa dansi wa uwanja wa jirani, hapa mtaani kwetu Gounghin, amecheza kwenye majukwaa ya nchi nyingi, lakini huwaambia wanafunzi wake neno moja tu: "Tembea." Mtu akirukaruka ili ampendeze, yeye huinama akasugua goti lake bovu kwa mafuta ya shea, asimtazame. Sauti yake ni nzito, haipandi. Jioni hukaa kwenye benchi letu na kibuyu cha togwa, macho yakifuata miguu ya wapita njia. Yeye ni Msamo, sisi Wamosi, na utani wa makabila yetu hauna likizo. "Wewe mla vichwa vya mbwa," baba alikuwa akimwambia, "nani alikufundisha kukaa kwenye benchi?" Naye akimjibu, "Nyamaza, mtumwa wangu. Najifunza mwendo wako kabla hujaondoka nao."

Baba alipofariki, mama hakulia wala kusema neno mpaka siku ya kuanua matanga. Watani walikuja kumwigiza marehemu kama ilivyo ada, watu wakacheka. Kisha mwalimu akaingia uani, amevaa kanzu na viatu vya baba. Hakucheza. Alitembea tu, bega la kushoto likitangulia kama la baba, akasimama mlangoni akakung'uta soli. Kicheko kikakatika. Mama akainua uso.

"Umechelewa, baba Nopoko," akasema, akimwita kama alivyozoea kumwita baba. "Maji yako ya kuoga yamepoa."

Mwalimu akachukua ndoo, akaenda nayo nyuma ya nyumba kwa mwendo uleule, tukasikia maji yakimwagika. Ndipo mama akalia.