Matundu Matatu ya Ukuta

Mbwa wetu, kaka yangu aliniletea kutoka Kibumba, ndani ya kikapu cha viazi. Alikuwa mdogo hata akalala ndani ya kiatu cha mume wangu. Mimi kazi nusunusu siiwezi: siku hiyohiyo nilipandisha sumu ya panya juu ya kabati, nikafunika pipa la maji, nikainua jiko la makaa.

Ukabaki ukuta. Ni wa mawe ya volkano, na kwenye kona ya chini ya kiwanja ulikuwa na matundu matatu usawa wa ardhi. Nje yake pikipiki hupita mbio. Niliyaziba kwa simenti, kisha nikamwekea mbwa sanduku lake palepale konani, upepo usimpate. Nikajisifu sana.

Asubuhi ya tatu niligonga sahani yake. Hakuja. Nilimkuta amelala kando ya sanduku, ulimi nje. Nikaanza kuinama.

"Mama, usiiname! Iko mazuku pale!"

Alikuwa jirani yangu, mama mzee aliyezaliwa mtaa huu, kasimama langoni. Mazuku nani asiyeijua hapa? Ni hewa mbaya itokayo ardhini, haina rangi wala harufu, hutuama mabondeni kama maji. Ila kwetu haikuwahi kuonekana.

Jirani alifunga mshumaa kwenye fimbo, akauwasha, akaushusha. Ulipofika usawa wa goti, ukazimika.

"Nani alifunga ile matundu?"

"Ni mimi, mama."

"Kwa ile matundu njo mazuku inapitiaka kwenda chini, kule barabarani. Ulifunga mulango yake."

Nikachukua jembe, nikamvuta mbwa nimesimama wima, kama ninachimba viazi. Nilimlaza barazani, nikampulizia puani, nikamtukana, nikajitukana zaidi. Mwishowe alipiga chafya. Nililia bila aibu mbele ya jirani.

Tulibomoa simenti kwa mtaimbo, pumzi tumezibana, tukirudi nyuma kila mara kuvuta hewa. Mshumaa uliposhushwa hadi ardhini bila kuzimika, ndipo tulipokaa.

Jioni mume wangu alileta waya wa matundumatundu: upitishe hewa, uzuie mbwa. Nilijua yuko sahihi, lakini mikono yangu ilikataa kuyafunika tena matundu yale. Waya uko nyuma ya mlango hadi leo. Kila asubuhi mbwa hupenya tundu la katikati kwenda barabarani, nami husimama barazani nikisikiliza pikipiki mpaka arudi.